Mshika Kamba Hasalimiwi

"Mwezi una wenyewe, kamba ina mtu."

Maneno hayo mama yenu ameyasema akipita na ndoo kichwani, kisha akaingia jikoni, nanyi mmebaki mkitazamana. Elieza, usiache mikono. Endelea kumenya, na karanga iliyopasuka itenge, maana hii ni mbegu. Mama yenu alikuwa ameita mara mbili ili atuliwe ndoo. Hamkumsikia, kwa sababu wewe ulikuwa unamweleza dada yako habari za chombo kinachokwenda mwezini, na Nyemo alikuwa anakubishia kwamba hakuna mtu aliyewahi kufika huko. Sasa Nyemo anauliza maneno ya mama yenu yalitoka wapi. Sogezeni ungo karibu.

Kwanza mjue kwamba mimi babu yenu sina ugomvi na habari za angani, wala za dunia. Nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Ndiyo maana historia yangu ina matundu. Najua vita vingi vilivyoanza na sijui vilivyoisha, kwa kuwa ukurasa wa pili uliondoka na nyama ya mteja mwingine. Nawajua wafalme waliovikwa taji ambao kwangu mimi wanatawala hadi leo. Kuna nyota yenye mkia niliyosoma kwamba inakuja. Kama ilifika, sikuambiwa. Ningeweza kuzungumza hayo mpaka mvua inyeshe. Lakini methali mliyoisikia haikutoka gazetini. Ilitoka hapa hapa Mahelela, kwenye kisima ambacho leo mnapita juu yake mkienda shuleni, na si habari ya kuchekesha.

Chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule watu walipokanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, mimi sikuwapo kijijini. Nilikuwa Morogoro, nakata mkonge. Niliporudi nilimwuliza shangazi yangu Sechelela, kisha Chilongani, kisha Mzee Malogo, kila mmoja peke yake na kwa wakati wake. Pale maneno yao yalipopishana niliyaacha. Nawapa yale waliyoyasema wote watatu, na machache aliyoyajua mtu mmoja tu nitamtaja mwenyewe.

Mvua ilikuwa imekataa. Mchanga wa mtoni ulichimbwa mpaka ukatoa vumbi, na wanawake walikuwa wanaondoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini wakiwa na maji ya kupikia tu. Kijiji kikakubaliana kuchimba kisima kirefu. Kazi hiyo alipewa Mwaluko, mume wa shangazi yangu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, na alikuwa amechimba visima vingi katika vijiji vya jirani.

Uchimbaji wa visima vya mkono ulikuwa na mila zake. Mchimbaji alifungwa kamba kiunoni, na juu alikaa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba ile, basi. Kamba ikivutwa mara moja kutoka chini, maana yake aliye chini yu salama. Ikivutwa mfululizo, maana yake: nitoe, hewa imeharibika. Kwa hiyo kamba haikufungwa kwenye nguzo hata siku moja. Nguzo ina nguvu kuliko mtu, lakini haisikii.

Na ilikuwapo mila nyingine, ngumu zaidi. Mshika kamba hasalimiwi. Nanyi mnajua sisi Wagogo na salamu. Mtu akikupita bila salamu utashinda kutwa ukijiuliza umemkosea nini. Utaulizwa ng'ombe, watoto, shamba, usingizi, na kila kimoja kina jibu lake. Lakini ukimkuta mtu ameshika kamba ya kisima, hata awe ndugu yako uliyepotezana naye miaka, unapita kimya. Salamu utampa atakapoiachia.

Mshika kamba wa Mwaluko alikuwa mdogo wake, Chilongani, kijana mwenye adabu. Mzee Malogo alilisema hilo, na hata shangazi yangu. Alikuwa ameposa kwa Mzee Malogo na ng'ombe walikwisha kukubalika. Harusi ilikuwa inangoja mavuno.

Mzee Malogo yeye alikuwa na redio. Ilikuwa ya kwanza kijijini, naye alitembea nayo begani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakuwa mchoyo. Kila alichosikia aliona ni haki ya wenzake kukisikia, akapita nyumba kwa nyumba kukigawa.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kipupwe. Waliteremsha taa kisimani kupima hewa kama desturi, ikawaka vizuri mpaka chini, ndipo Mwaluko akashuka. Alikuwa amefika kwenye mwamba. Hapakuwa na udongo wa kupandisha. Alikuwa anaugonga mwamba kwa mtaimbo, na sauti ilipanda, ngo, ngo, ngo. Jirani yao Ndalu alikuwa ameketi kando anachonga mpini, akingoja zamu yake ya kushuka.

Mzee Malogo akatokea anakimbia. Mtu wa umri ule, anakimbia, redio inapiga kelele begani.

"Mbukwa, mkwe! Mbukwa!"

Hapo ndipo pa kufikiri kabla hamjamhukumu mtu. Mzee aliijua mila. Furaha ilimpita akili. Na Chilongani angefanya nini? Mkwe amekusalimu, tena ameanza yeye, amenyoosha mikono yote miwili. Mkwe hapokewi kwa mkono mmoja. Chilongani alizungusha kamba kwenye nguzo ya kisima, akaikaza, akasema moyoni: nimpe mkono tu, kisha niirudie. Akainuka.

"Wamekanyaga mwezi!" Mzee akasema. "Watu, kama mimi na wewe! Sikiliza."

Ndalu akaacha mpini wake. "Wameukanyaga kwa viatu?"

"Kwa viatu."

"Basi hawana adabu. Mimi hata mlangoni kwa wakwe zangu navua."

Walicheka. Chilongani akasogea karibu na redio, kwa sababu ilikuwa inakoroma na maneno yalikuja vipande vipande.

"Na huko juu wanaongea na nani, baba?"

"Na wenzao walio hapa chini! Mtangazaji anasema kila neno linafika. Hata wakipumua, wenzao wanasikia pumzi."

"Na mwezi wenyewe sasa ni wa nani?"

"Ni wa mwenye ngazi ndefu," Ndalu akasema, na wakacheka tena.

Hakuna aliyeweza kuniambia walisimama pale kwa muda gani. Kwa Chilongani ulikuwa muda wa kumsalimu mkwe. Ndalu naye, ambaye hapendi kuulizwa, aliwahi kusema kwamba kivuli cha nguzo kilikuwa kimehama.

Shangazi Sechelela alikuja na kibuyu cha uji wa mumewe. Akasalimu, wakamwitikia kwa kelele, wakamwambia habari ya mwezi. Yeye alikuwa ametega sikio upande mwingine.

"Shemeji, kaka yako anapumzika?"

"Yuko kazini, shemeji."

"Mtaimbo siusikii."

"Ni hii redio tu..."

"Baba, zima redio."

Mzee Malogo akazima. Palikuwa kimya. Shangazi yangu aliniambia kwamba aliweza kumsikia njiwa kwenye mti wa mbali, na kisimani hakusikia kitu.

"Kamba umeiweka wapi, shemeji?"

Chilongani akaitazama mikono yake.

Walivuta wote watatu, na shangazi akawa wa nne. Mtu aliye hai unapomvuta hukusaidia, hutafuta ukuta kwa miguu. Mwaluko alipanda akiwa mzito, akigonga huku na huku. Hakuwa na jeraha. Ndalu aliteremsha taa, ikazimika kabla haijafika chini. Hewa mbaya ilikuwa imetoka kwenye ufa wa mwamba. Walimlaza chini, wakamwita, wakampepea. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kamba juu ya kiuno, na iliwabidi kuvikunjua kimoja kimoja.

Kisha Chilongani akaenda kwenye nguzo kufungua fundo. Hakulifungua. Alibaki ameinama pale mpaka shangazi akamfuata kuona anatazama nini. Chini ya kamba, ganda la nguzo lilikuwa limechubuka hadi kwenye mti mweupe. Kamba ilikuwa imevutwa, ikavutwa, ikavutwa.

Mwaluko alizikwa siku ile ile, kabla jua halijazama.

Msibani Mzee Malogo alikaa mbali na wazee wenzake. Siku ya tatu alikuja mbele ya shangazi yangu, akavua kofia, akaketi chini kabisa, yeye mzee, mbele ya mwanamke kijana.

"Binti yangu, sina la kukuambia. Habari ilikuwa kubwa mno. Mwezi, binti yangu! Nani angepita kimya?"

Wanawake waliokuwapo walitaka kumjibu kwa ukali. Shangazi akawanyamazisha kwa mkono.

"Baba," akasema, "wale walioko kule nao wana wake zao. Lakini walikuwa na watu wa kuwasikiliza pumzi. Wewe mwenyewe ulisema. Mwezi ule una wenyewe. Hii kamba ilikuwa na mtu."

Mzee akaiokota kofia yake, akaondoka.

Baraza lilikaa. Mzee Malogo akasema, "Kosa ni langu, nilimsalimu." Chilongani akasema, "Kosa ni langu, niliitika." Wazee walisikiliza siku nzima, wakaona kila mmoja anambebea mwenzake, na wakaondoka bila kukata neno. Mimi nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi na sijafika mbele kuliko wao. Kisima kilifukiwa. Wanawake wakarudia safari yao ya alfajiri, na kiangazi kile walizikwa watoto pia, waliouawa na maji machafu. Harusi ilifanyika, bila ngoma. Mzee Malogo aliendelea kusikiliza redio yake mpaka uzeeni, nani angemkataza? Ila hakupita tena panapochimbwa.

Nyemo, unafuta macho kwa mkono wenye vumbi la maganda. Tumia kanga.

Elieza anataka kujua kama namkataza habari zake. Sikukatazi. Walifika mwezini, Nyemo, na ni jambo kubwa. Mimi mwenyewe nitakuuliza hicho chombo kipya kimefika wapi, maana kurasa zangu zilikatika. Niliwaambia sina ugomvi na anga.

Lakini mila ya kisima ilibadilika tangu hapo. Baada ya mvua kurudi, watu wa Mahelela walichimba kisima kingine upande wa mashariki, na hakuna aliyetaka kushika kamba. Alipopatikana mtu, shangazi Sechelela alikwenda kila siku kusimama nyuma yake. Hakumsalimu. Alisema maneno yake nusu, akangoja, na mshika kamba akamalizia nusu nyingine bila kugeuza shingo. Asipomalizia, shangazi alijua hayupo, amekwenda na mawazo, na alimgusa bega. Wapita njia wakayachukua. Wakayapeleka kwa mlezi wa mtoto karibu na moto, kwa mchunga ng'ombe mtoni, na leo yamefika kwa mama yenu mwenye ndoo.

Giza linaingia na jicho langu halitenganishi tena nzima na iliyopasuka. Funikeni ungo; gunia lililobaki tutalimenya kesho. Na siku mkimkuta mtu ameketi kwenye kinywa cha kisima, kamba mkononi, msimwulize ameamkaje. Simameni nyuma yake mseme taratibu, "Mwezi una wenyewe." Kisha ngojeni hapo, msiondoke, mpaka mmsikie akijibu:

"Kamba ina mtu."