Usingizi wa Mfungua Ndiva

Katika milima ya Upare aliishi mkulima aitwaye Eliamani, naye alikuwa na baba asiyeumaliza usiku kitandani. Mzee Mgonja aliingia kulala kuku walipoingia bandani. Usiku aligeuka, akaamka, akatoka nje kutazama mbingu, akarudi. Jogoo wa kwanza alimkuta ameshavaa koti. Mchana, akisha kula, alijinyoosha barazani akapitiwa na usingizi kidogo, kisha akaamka na uso mkunjufu. Zamani hakuwa hivyo. Eliamani alikumbuka baba aliyelala usingizi wa pono, hata mvua ya mawe ikipiga bati asisikie.

Kazi ya mzee ilikuwa moja. Kule juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha. Kabla ya mapambazuko lazima mtu achomoe kizibo, maji yashuke mashambani. Akichelewa, bwawa hufurika, maji yakamwagikia korongoni, na mashamba ya chini yakakosa. Miaka mingi hakuna aliyekosa, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Eliamani alimpenda baba yake, ila alimpenda kwa pupa. Majirani walikuwa na maneno yao, kwamba mzee asiyelala ana jambo moyoni, na jambo hilo huwa ni watoto wake. Maneno hayo yalimchoma. Akanunua godoro jipya. Akamkataza mzee kusinzia mchana, akidhani hivyo atamwekea akiba ya usingizi wa usiku. Mwisho akampeleka zahanati. Mganga alimpima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akasema mzee ni mzima kabisa. Umri wa mtu ukisonga, usingizi wake huwa mwepesi, huja mapema na kuondoka mapema, na maadamu anaamka na nguvu zake, hana ugonjwa. Eliamani alitoka pale amenuna. Alitaka dawa, akapewa habari njema.

Basi akawaendea wazee wa mfereji, akaomba kazi ya ndiva iwe yake ili baba apumzike. Walikubali shingo upande, kwa kuwa maharage yalikuwa yanatoa maua na mvua ilikuwa imegoma. Shamba la chini kabisa lilikuwa la mjane Nanzia, mwenye watoto na hana shamba lingine. Mzee Mgonja alipoambiwa hakubisha. Alitundika ukutani jembe lake la kuelekezea maji, akakaa barazani akitazama njia ya kupandia ndiva.

Siku za mwanzo Eliamani aliamka kwa kuvutwa mguu na mkewe, akapanda mlima akijikwaa. Kisha mkewe akaenda kwao kumuuguza dada yake. Asubuhi iliyofuata Eliamani alifumbua macho, jua limeshaingia dirishani. Alikimbia bila viatu. Akilini mwake aliona tayari maharage ya mjane yamenyauka, naye amesimamishwa mbele ya kijiji kizima. Njiani akakutana na Nanzia mwenyewe, miguu imejaa tope. Mama yule akamshukuru sana, kwani leo maji yalikuwa yamewahi kuliko siku zote tangu Eliamani aishike kazi.

Eliamani alipanda taratibu. Alikuta ndiva tupu, kizibo kimelazwa ukingoni, na baba yake ameketi kandoni akiota jua, jembe magotini. Aibu na furaha vilimshika kwa pamoja. Akaanza kujitetea, kwamba alitaka tu baba alale kama zamani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "usingizi wangu unanitosha. Ni wewe unayeupima kwa kibaba chako."

Eliamani akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuona mtu aliyechoka. Alikumbuka usiku ule chui alipolijia zizi, na nani aliyepiga kelele. Alikumbuka homa ya mtoto wake, na nani aliyeisikia pumzi yake kabla ya mama. Alikuwa amelala fofofo miaka yote hiyo kwa sababu mtu fulani nyumbani alilala kidogo kidogo. Akamstaajabia baba yake kwa moyo wote, akamshika mkono wakashuka pamoja.

Kazi ikarudi kwa mwenyewe. Na tangu siku hiyo, mzee alipojinyoosha barazani mchana, Eliamani ndiye aliyewanyamazisha watoto.

Nanyi mnaowasikitikia wazee wenu kwa kuwa usiku wao ni mfupi, mmewahi kuuliza ni nani anayewafungulia maji nyinyi mkiwa bado mmelala?