Nusu ya Nyumba ya Mbonea

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili, mlango katikati. Jina lake Mbonea. Upande wa machweo mchwa wakaingia. Alisikia ukuta ukitafunwa, akasema ni panya. Tena wageni walikuwa njiani kuja kumposa binti yake, basi akakandika udongo mpya, akapaka chokaa, nyumba ikang'aa. Mchwa nao wakaendelea kula, sasa nyuma ya ukuta mweupe.

Boriti ilipolegea ndipo akamwita fundi. Fundi akagonga nguzo moja moja, akitega sikio. Akasema mchwa wamevuka nguzo walikoanzia, wamepanda juu, ila chumba cha mawio bado kizima. Wangekuwa wameenea kote, asingeleta shoka. Hapa njia ipo: kwanza amwage dawa, wapungue, kisha akate, hata chumba kizima cha machweo kama hapana budi. Kuapa kwamba hawatarudi, hakuapa.

Ndugu wakajaa uani. Wasiokuja kukandika walikuja kushauri. Wakasema mchwa wakiguswa na chuma hutawanyika nyumba nzima. Mbona nyumba ya jirani Senzia iliguswa ikaanguka? Hakuna aliyesema kwamba ya Senzia iliguswa ikiwa imebaki chokaa tupu. Shemeji mtu akacheka: "Tutakuita Mzee Nusu Nyumba!"

Mbonea akamjibu, "Nusu nyumba yenye uji motoni si gofu, shemeji."

Dawa ikamwagwa; harufu yake ikamtapisha mwenye nyumba. Shoka likafuata. Chumba kikaenda, na kitanda kipana kikaenda nacho. Mbonea akajifunza kupita upande upande, polepole, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo sitawaficha.

Masika yakaja, nyumba ikasimama. Yakaja mengine, na mengine. Kila baada ya mavuno fundi alirudi kugonga nguzo. Safari moja alikuta kinjia kipya cha mchwa chini ya mlango. Akakimwagia dawa, watu wakaendelea kuishi. Yule binti aliyeposwa ameshaleta wajukuu. Wanabanana humo kama viazi guniani, na babu yao analalamika kelele kutwa. Mwacheni alalamike. Maiti halalamiki.

Sasa nisikieni, maana sikusimama hapa kusifu mafundi. Mwenzetu Elinazi ana saratani, nayo imevuka pale ilipoanzia ndani ya pafu. Madaktari wamempima, wakasema upande mwingine ni mzima: apewe dawa kwanza, kisha kipande cha pafu kikatwe, na huenda akaona miaka mingi. Hawakuapa. Nanyi mmejaa uani kwake, mnamnong'oneza kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa.

Niambieni: mnailinda nyumba, au mnawalinda mchwa?