Fimbo ya Bwana Shemdoe

Fimbo kavu haijui kina. Jana mlicheka Mama Hoza alipomtupia neno hilo yule wakala anayewaahidi kazi ng'ambo, na leo mnaniuliza limetoka wapi. Kaeni. Asiyetaka kusikiliza akamenye viazi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa Lushoto tulikuwa na klabu ya matembezi. Siku moja tulifuata njia ya kando ya kijito kupanda hadi kwenye maporomoko. Njia mbaya: mawe ya utelezi, mizizi, mwamba upande huu na maji upande ule. Barabarani tulikotoka kulikuwa na vumbi jekundu tupu, lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, na kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kiongozi wetu alikuwa Bwana Shemdoe. Kanuni ya klabu ilikuwa hii: kabla ya kuvuka, kiongozi hutangulia, hupima maji kwa fimbo yake, kisha hurudi kutuambia. Halafu aliye mwepesi kuliko wote huvuka kwanza, kamba kiunoni. Mwepesi wetu alikuwa Sifaeli, binti wa pekee wa Mama Hoza.

Mama Hoza alimshuku Shemdoe tangu asubuhi. "Viatu vipya vile," aliniambia njiani, "mtu havivai ili vilowe. Mtazame anavyokwepa hata umande."

Tulipokaribia kivuko, Shemdoe alitangulia, akapotea nyuma ya kichaka. Akarudi upesi mno.

"Maji ya magoti tu. Funga kamba, binti, tuvuke."

Sifaeli alikuwa ameshatia mguu mmoja majini mama yake alipoikamata kamba.

"Wewe, rudi hapa. Bwana Shemdoe, lete fimbo yako."

"Ya nini tena, mama? Umekosa kuni?"

"Lete."

Akaigeuza. Ncha ilikuwa kavu, na bado ina vumbi jekundu la barabarani.

"Imekaukia juani," Shemdoe alisema.

"Na vumbi nalo linajua kuogelea?"

Tulicheka. Mama Hoza hakucheka. Alilala kifudifudi juu ya jiwe, akaichomeka fimbo majini. Ikazama yote. Mkono ukazama hadi begani, na chini hakugusa. Kisha maji yakampokonya; tukaiona fimbo ikigonga mwamba na kukatika vipande viwili.

Kicheko kikaisha. Sifaeli akaanza kufungua fundo kiunoni. Mama yake hata hakupaza sauti.

"Fimbo kavu haijui kina, Shemdoe. Na wewe ulikuwa unamtumia mwanangu kukipima."

Tulirudi bila kuyaona maporomoko. Tangu siku hiyo Shemdoe alirudi kutoka kila kivuko amelowa hadi kiunoni, na kabla hajasema neno aliinua fimbo ikitiririka maji, tuione sote.

Sasa, huyo wakala wenu. Ana shati safi na habari tamu za nchi ambayo sijasikia kama amewahi kuikanyaga. Kesho akija, msianze na mshahara. Muulizeni yeye mwenyewe alifanya kazi huko lini, na kwa nani. Akianza kutazama viatu vyake, rudini nyumbani. Fimbo kavu haijui kina.