Pampu Aliyoichagua Nyegere

"Wenye masikio mpo?"
"Tupo!"
"Na masikio mmekuja nayo?"
"Haya hapa!"
"Paukwa!"
"Pakawa!"

Palikuwa na Kindi, na pipa la asali, na kiangazi kinabisha hodi. Asali ile ndiyo chakula cha watoto wake. Ikiondoka, watalala njaa. Sasa siku ya kuihamishia kwenye madumu, nani akatokea? Nyegere! Kucha anazo, meno anayo, haya hana.

"Asali hii yangu," akasema.

Kindi akaituliza sauti. "Sawa, mjomba. Ila pipa halibebeki. Kila mtu achague pampu, avute. Atakachovuta mpaka jua lifike utosini ni chake."

Nyegere akacheka mpaka tumbo likamuuma. Kindi ashindane na yeye?

Wakaenda kwa Kakakuona, mkodisha pampu. Alikuwa nazo mbili tu. Moja ya injini, inang'aa, mpira wake mwembamba: ngurrrr! Nyingine ya kuzungusha kwa mkono, kuukuu, mpira mnene: kwiii... kwiii...

Kindi akairukia ya injini. "Hii yangu! Sikieni sauti hiyo!"

"Toka!" Nyegere akamnyang'anya.

"Mjomba," Kakakuona akasema, "hiyo ni ya maji. Asali ni nzito..."

"Nani kakuuliza?"

Haya. Wakarudi kwenye pipa. Nyegere akawasha: ngurrrr! Asali ikapanda kidogo mpirani, ikakwama. Kindi akazungusha: kwiii... blopu. Nyegere akaongeza moto: ngurrrrrr! Ikakwama zaidi. Kindi: kwiii... blopu. Dumu likajaa, akaweka jingine. Pampu ya Nyegere ikafuka moshi, pwaa, ikazima.

Nyegere kwa hasira akachomoa mpira, akautia mdomoni avute mwenyewe. Fyoooo! Mpira ukamng'ang'ania ulimi, hautoki.

"Mmmf! Mmmf!" akapiga kelele, yaani, simama!

"Mmesikia, wanangu?" Kindi akawaambia watoto wake waliokuwa wakitazama. "Mjomba anasema tuendelee."

Kwiii... blopu. Jua lilipofika utosini, pipa lilikuwa tupu, na watoto wa Kindi walikula wakashiba kiangazi chote.

Hadithi yangu imemwagika yote, aliyekinga amepata.

Na funzo lake? Ukienda kuchagua pampu, usitazame mpira, usiulize inavuta nini. Chukua yenye kelele kuliko zote. Anayebisha akamuulize Nyegere, ila asubiri kwanza ulimi upone.