Wageni Wainame

Ndugu zangu, palikuwa na fundi seremala mmoja mwenye binti asiyeweza kutembea. Mtoto alishinda chumba cha ndani kwenye kiti chake cha magurudumu, na wageni wakija mlango unafungwa. Si ndivyo tunavyofanya? Mtoto tunamficha, makochi tunayatandikia vitambaa vya kudarizi!

Siku moja fundi akapewa tangi la vioo la kufugia samaki. Binti aliposikia, akauliza, "Baba, nami nitawaona?" Swali lile lilimchoma. Akamsukuma mtoto hadi karakana, akapima kutoka sakafuni mpaka machoni pake. Akachagua mbao nene za stendi ya kubebea tangi, maana maji ni mzigo mzito, akasimamisha mguu imara chini ya kila pembe. Nyuma na ubavuni akakaza kwa mbao za mshazari. Mbele akaacha wazi, magoti ya mtoto yapite chini na uso ufike kwenye kioo.

Mama yake fundi, mwenye nyumba, akaja akashika kiuno.

"Stendi gani hii, mwanangu? Iinue juu, uitie milango kama kabati za watu. Mgeni akisimama awaone samaki vizuri."

"Mgeni ana kiuno, mama. Ainame."

"Na wazee wa kanisa je?"

"Nao wainame."

"Unanitia aibu!"

"Aibu ni ule mlango tunaoufunga, mama. Mimi siufungi tena."

Bibi akasusa hata chai. Stendi ikawekwa sebuleni, tangi likajazwa maji, wala haikutikisika. Wazee wa kanisa walipokuja kwa ibada ya nyumbani, mtoto alikuwa palepale mbele ya kioo, anacheka na samaki wake. Wazee wakainama watazame, wakajikuta uso kwa uso na mtoto ambaye hawakujua hata kama yupo.

Mmoja akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mbona kanisani hatukuoni?"

"Nilikuja, babu," akasema binti. "Nikaishia kwenye ngazi."

Mbona mmenyamaza, ndugu zangu? Mlikuwa mnacheka sasa hivi! Sisi tulipojenga nyumba hii ya Mungu, tulipima macho ya nani? Tulichangia marumaru kwa shangwe, tukapandisha ngazi ndefu ili tupendeze kwenye picha za uzinduzi. Kisha tunasimama huku juu tunaimba kwamba wote waje. Waje kwa kupaa?

Nasema, na atakayekasirika akasirike: kesho asubuhi nitakuwa pale mlangoni na koleo na saruji, nijenge njia ya mteremko. Kama unaona nitaharibu sura ya kanisa, usije kuninong'oneza ofisini. Nenda kamwambie mtoto wako uliyemwacha nyumbani leo.