Nukta Zilizomnyima Mashavu Mtoto

Hapo zamani, kabla paka hajahamia ghalani, panya Mashavu aliolewa na Chaurembo, wakakaa bila mtoto. Mama mkwe, Bi Mwatima, akasema, "Mahindi haya yakiisha hujazaa, mwanangu, urudi kwenu." Chaurembo hakuulizwa kitu. Mwanamume haulizwi.

Mchana mmoja, mume amelala fofofo, Mashavu akasikia ugomvi. Akasogeza sikio. Ugomvi ulitoka kwenye korodani za mumewe, kiwanda cha mbegu zake.

Mle walifanya kazi watatu. Maagizo ya kutengeneza mbegu yalifika kwenye vipande vyembamba viitwavyo RNA. Chora alivitia nukta za kemikali. Soma alivichana vyenye nukta, kwani nukta ni ishara kwamba muda wake umekwisha. Futa alizifuta nukta kwenye vile vilivyohitajika bado. Lakini Futa alikuwa amekaa chini, amenuna.

"Chora kasema kazi yangu ni kuharibu kazi za watu," alisema Futa. "Basi, siharibu."

"Kwani uongo?" akajibu Chora. "Mimi natia, yeye anatoa."

"Mimi nikiona nukta nachana," akasema Soma. "Sikuajiriwa kufikiri."

Basi hata maagizo yaliyohitajika bado yakachanwa, na mbegu zikatoka vichwa bila mikia.

"Kumbe," akasema Mashavu. "Nyie mnanuniana humo, tasa naitwa mimi huku nje."

Akambembeleza Futa. "Kaka, inuka. Mtoto wangu wa kwanza atabeba jina lako." Futa akainuka. Chora akagoma: "Nisipotia nukta, huyu atafuta nini?" Akaahidiwa jina. Soma akagoma: "Nukta isiyosomwa ni uchafu tu." Naye akaahidiwa jina.

Kazi ikaenda. Mashavu akazaa mtoto mmoja, aibu tupu kwa panya, lakini mtoto. Ukoo ukajaa ghalani kumpongeza Chaurembo, aliyelala muda wote. Akaitikia pongezi zote, hakubakisha hata moja.

Bi Mwatima akambeba mjukuu. "Ataitwa jina langu," akasema. "Niliyevumilia ni mimi. Mkwe wangu, tamka watu wasikie."

Mashavu akafungua mdomo. Chini ya kanzu ya mumewe, sauti tatu alizozisikia yeye peke yake zikasema, "Shemeji, ahadi. Ukitukosea, tunakaa chini tena."

Mtoto ni mmoja, na ukoo unasubiri. Mlioketi hapa, msitazamane. Chora aliyetia, Soma aliyesoma, Futa aliyefuta, bibi aliyevumilia, au Mashavu mwenyewe aliyetukanwa: je, nani alistahili mtoto huyu apewe jina lake?