Kikapu Kilichotumwa kwa Wahusika

Hapo zamani za kale, wanangu, mihuri ilipokuwa bado haijaonja wino, palikuwa na kitongoji kiitwacho Mawe Marefu. Nyumba zilikuwa nne tu, na Mwenyekiti mmoja, ambaye kwa nyumba nne alitosha na kubaki.

Mwenyekiti huyo alikuwa Kiboko. Ofisi yake ilikuwa dimbwini, na mhuri wake ulikuwa unyayo wake mwenyewe uliochovywa topeni.

Asubuhi moja Bi Pimbi, yule mnyama mdogo akaaye kwenye nyufa za mawe, alifika pale na barua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hodi, Mwenyekiti!"

Bwaa! Kiboko akaibua kichwa. "Karibu. Una shida au una kikao?"

"Nina shida. Jana nilikwenda kuchuma majani nikaacha watoto wanne. Kurudi, nakuta watatu! Nimeandika yote humu. Naomba tulindane kabla hajachukuliwa mwingine."

Kiboko aliitazama barua kwa makini sana, upande wa nje. Akachovya unyayo, pwata! Pembeni akaandika: *Imepokelewa. Ipelekwe kwa wahusika.*

"Wahusika ni akina nani, Mwenyekiti?"

"Ah, swali zuri hilo. Liandikie barua nyingine." Bwaa! Akazama.

Bi Pimbi alirudi na barua yake akiwaza. Wahusika! Ngiri, ukimpigia hodi, hunyanyua mkia na kukimbia. Kifaru haoni mbali, kwa hiyo kila anayemkaribia humhesabu adui. Labda Chatu, jirani mpole, mwepesi wa kutoa pole. Jana alikuwa wa kwanza kufika kumfariji. Majirani hawa waliishi hatua chache tu, na hakuna aliyejua mwenzake ameamkaje.

Akakaa akafuma kikapu cha pembe nne. Akatia kitu ndani, akashona mfuniko, akakipeleka dimbwini. Kiboko hakuuliza ni cha nini. Hajapata kukataa kugonga mhuri. Pwata!

Kisha Bi Pimbi akamvizia Ngiri akiwa amelala, akakaa juu ya mkia wake.

"Usikimbie, Bwana Ngiri. Hiki ni kikapu cha ofisi. Leo kinakaa kwako. Kesho unampa Kifaru, mkono kwa mkono, na kila mmoja anamwambia mwenzake yaliyompata nyumbani kwake. Kukifungua ni marufuku."

"Kina nini ndani?"

"Ningeambiwa hayo, ningekuwa na cheo."

Ngiri hakula siku hiyo. Alikinusa kikapu, akakitikisa: koto, koto. Akakitegea sikio. Kimya. Ala!

Kesho yake akaenda nacho kwa Kifaru. Bi Pimbi, aliyekwisha kujipa cheo cha mkaguzi, alikaa kando.

"Nani wewe!" Kifaru akanguruma.

"Mimi Ngiri, jirani yako! Nimetumwa na kikapu!"

"Haya, sema yaliyokupata."

"Mwezi uliopita nilipoteza mtoto. Na kabla yake, mwingine."

Kifaru akashusha pembe. "Lo! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Halafu una pembe."

Kifaru akakohoa. "Pole, ndugu yangu. Nani alikuja kukufariji?"

"Chatu peke yake. Mara zote mbili alifika hata kabla sijamaliza kuwahesabu watoto."

Masikio ya Bi Pimbi yakasimama. Kwake pia Chatu alifika kutoa pole kabla mama mtu hajalia. Nani alimpasha habari?

Siku ya tatu Kifaru alikipeleka kikapu kwa Chatu. Bi Pimbi akamsogelea Chatu na kumnong'oneza: "Baba Chatu, nakuomba, usikiweke juani. Visije vikaanguliwa."

"Vitu gani hivyo?" Ulimi ulitoka, ulimi ukarudi.

"Sijasema kitu," alisema Bi Pimbi, akaenda zake.

Kifaru aliaga akaondoka, lakini hakufika mbali. Atatulia vipi bila kujua kilichomo? Akarudi kinyumenyume, akajificha nyuma ya kichaka. Kichaka kilikuwa na mtu.

"Ngiri! Unafanya nini hapa?"

"Napita tu. Na wewe?"

"Napita."

"Basi piteni kwa kunong'ona," ilisema sauti ndogo kutoka chini yao. Ilikuwa ya Bi Pimbi.

Huko mlangoni Chatu alitazama kulia, akatazama kushoto. Taya zikapanuka, gulu-gulu-gulu! Kikapu hakipo. Akajifuta mdomo kwenye nyasi na kupaza sauti ya huzuni:

"Majirani! Kikapu kimeibwa! Poleni, poleni sana!"

Ngiri alitoka kichakani, na safari hii mkia ulikuwa chini. "Ndivyo ulivyoniambia mimi. Maneno hayohayo. Na tumbo lilikuwa hivyohivyo."

"Nilikuwa nimeshiba huzuni, Bwana Ngiri."

"Huzuni ina pembe nne?" aliuliza Bi Pimbi.

Kifaru aliweka mguu juu ya mkia wa Chatu. Taratibu tu. Kwaaa! Kikapu kikaruka nje. Watoto wale hawakurudi, wanangu, hilo siwafichi. Lakini Chatu alifukuzwa mchana kweupe, akisindikizwa na pembe nyuma, na wale watatu wa Bi Pimbi wakakua.

Kelele zilimtoa Kiboko dimbwini. Alifika akihema, akararua mfuniko. Ndani mlikuwa na jiwe, na barua iliyozungushwa kwenye jiwe hilo. Akaisoma, mara hii upande wa ndani.

"Barua nzuri hii! Inaeleza kila kitu. Kwa nini haikuletwa ofisini?"

"Unyayo huo hapo chini ni wa nani, Mwenyekiti?"

Kiboko akautazama unyayo, akautazama mguu wake.

"Uliandika ipelekwe kwa wahusika," alisema Bi Pimbi. "Nimeipeleka. Wahusika ndio hawa."

"Basi... niigonge mhuri?"

"Subiri," alisema Kifaru, akimkabidhi kikapu. "Leo ni zamu yako. Kwako kumetokea nini?"

"Kwangu?" alisema Kiboko polepole. "Sijawahi kuulizwa." Akaketi chini, akaanza kusimulia, na hakuna aliyeondoka.

Nami naishia hapo walipoketi, na neno lenyewe ni hili: anayekulinda kwanza ni jirani anayejua umeamkaje.